ATV Yangu Inasita Nikibonyeza Resi Ghafla: Nitoboe Kabureta?

Swali la msomaji: Nina ATV ya michezo ya cc 400, injini ya mipigo minne, yenye kabureta moja ya kiwambo cha mpira. Nilitoa mfuniko wa boksi la chujio la hewa, nikafunga ekzosi iliyo wazi zaidi. Kwenye resi kubwa sasa inakwenda vizuri kuliko zamani, lakini nikibonyeza ghafla kutoka chini inasita kama inataka kuzima, kisha inaruka. Marafiki wananiambia nitanue tundu la slaidi (kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta), nikate springi yake mzunguko mmoja au miwili, na nitoboe jeti kubwa (kipande chenye tundu la kupimia petroli) kwa drili. Vifaa vyote ninavyo nyumbani. Nianze na lipi?

Jibu: Ndugu yangu, usianze na lolote kati ya hayo. La slaidi nitakuruhusu baadaye, ukitimiza masharti. La springi nakushauri uliache. La kutoboa jeti nakukataza kabisa, na sababu nitakupa.

Kazi ya kwanza haihitaji hata bisibisi. Rudisha mfuniko wa boksi la chujio, funga klipu zake zote, kisha nenda kajaribu. Kusita kukiisha au kukipungua sana, ugonjwa umeshajulikana: pale chini mafuta hayatoshi, na aliyeyapunguza ni wewe mwenyewe siku ile ulipofungua njia ya hewa bila kuongeza kitu upande wa petroli.

Nieleze kinachotokea, maana ukikielewa hiki hutahitaji tena kuuliza marafiki. Ndani ya kabureta petroli haisukumwi na pampu, inavutwa. Hewa ikipita kwenye koo jembamba huongeza kasi, presha yake hushuka, na petroli iliyotulia kwenye bakuli la floti (boya linalotunza kiwango chake) hupanda kupitia jeti kuifuata ile presha ndogo. Mambo yakitulia mpango huu hufanya kazi vizuri sana. Shida ni ule mshtuko wa kubonyeza. Petroli ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara 600, ujazo kwa ujazo. Unapofungua ghafla, hewa inakimbia papo hapo, petroli ndiyo kwanza inaanza kunyanyuka. Tena, injini ikiwa kwenye sailensa (ikinguruma bila kubonyezwa resi) kuna mvuto mkali nyuma ya kipepeo (kile kibao duara kinachofunguliwa na waya wa resi), na mvuto huo huisaidia petroli kugeuka mvuke. Ukifungua, mvuto unapotea, na sehemu ya petroli inaishia kulowanisha kuta za njia ya kuingilia badala ya kufika kwenye silinda. Kwa kitambo kidogo injini inapewa hewa karibu tupu. Hapo ndipo inapokusitia.

Petroli huungua yote, bila hewa wala mafuta kubaki, kwenye uwiano wa karibu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, kwa uzito. Nguvu nyingi hupatikana mafuta yakizidi kidogo hapo, kwenye 12.5 hadi 13. Kwa hiyo injini inayotakiwa kuruka kwa haraka inataka mafuta ya ziada kidogo wakati uleule ambao kabureta inashindwa kuyaleta.

Waliobuni kabureta ya aina yako walilijua hilo. Waya wa resi haugusi slaidi hata kidogo, unafungua kipepeo tu. Slaidi hupandishwa na mvuto wa injini wenyewe, unaopita kwenye tundu dogo lililo chini yake hadi kwenye chumba cha juu ya kiwambo. Tundu hilo limefanywa dogo makusudi. Ukibonyeza ghafla, slaidi hupanda taratibu, na kwa kupanda taratibu inaibana hewa mpaka petroli ifike. Watu huiona slaidi hiyo mvivu. Mimi naiona kama mtu aliyeshika mlango akimsubiri mwenzake.

Sasa fikiri utakachofanya ukitanua tundu leo. Slaidi itapanda haraka, hewa itaingia haraka, na petroli itabaki palepale ilipokuwa. Kusita kutazidi. Marafiki zako hawakudanganyi. Bila shaka kwao tundu lilisaidia, lakini nina hakika mafuta yao ya chini yalikuwa yamekaa sawa kabla ya kugusa slaidi. Walikusimulia mwisho wa kazi wakasahau mwanzo wake.

Kabla ya kufungua kabureta, ondoa kwanza washukiwa wa nje. Waya wa resi uwe na nafasi ya milimita 3 hadi 5 kwenye wenzo wa kidole gumba kabla haujaanza kuvuta. Ukilegea sana unapoteza mwendo wa kidole na utadhani injini ndiyo inayochelewa. Injini ikiwa kwenye sailensa, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Mlio ukipanda, waya umepitishwa vibaya na hiyo ni hatari, shughulikia kabla ya lingine lolote. Kisha nyunyizia ukungu wa maji kuzunguka mpira unaounganisha kabureta na kichwa cha injini. Sailensa ikibadilika, mpira umepasuka au klipu imelegea, na hewa inayoingia hapo hakuna skrubu itakayoifidia. Wengine hutumia petroli kwa kipimo hiki. Usithubutu, maana injini ni ya moto.

Wenye ATV za kazi, zile za mkanda zisizo na gia za mguu, wasikilize pia: mlio wa injini ukipanda mara moja lakini chombo kikachelewa kuondoka, kabureta haina kosa. Tazama mkanda na rola zake.

Baada ya hapo ni usafi. Ningependa kukwambia kuwa nusu ya kabureta "zinazohitaji kufanyiwa mabadiliko" zinahitaji kuoshwa tu, ila sijawahi kuzihesabu. Jeti ndogo, ile inayolisha sailensa na mwanzo wa resi, ina tundu jembamba mno. Petroli iliyolala kwenye bakuli miezi kadhaa huacha utando wa kunata, na utando kidogo tu unatosha kuibana. Itoe, itazame kwenye mwanga: uone duara safi, si nukta yenye ukungu. Isafishe kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa. Waya ukilazimu, uwe uzi mmoja laini wa shaba usiojaza tundu. Ile dawa usiimwagie kiwambo cha mpira, kinavimba na hakirudi kwenye ukubwa wake. Kipanguse kwa kitambaa kikavu, kinyanyue kwenye mwanga, kivute kidogo kwa vidole utafute vitundu. Kiwambo chenye kitundu kimoja cha sindano kinatosha kuifanya slaidi iwe mvivu kwelikweli, na hapo kutoboa tundu la chini ni kumtibu mgonjwa mguu usiouma.

Pima na kimo cha floti wakati umefungua. Geuza kabureta mpaka ulimi wa floti uguse pini ya vali bila kuibana springi yake ndogo, kisha pima kutoka uso wa gasketi kama kitabu cha chombo chako kinavyosema. Petroli ikikaa chini ya kiwango chake ina safari ndefu zaidi ya kupanda, na kuchelewa huko utakusikia kwenye kidole gumba.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Skrubu ya mchanganyiko ndiyo itakayokulipa zaidi kwa jasho dogo zaidi. Kwenye kabureta nyingi za ATV za mipigo minne iko chini, upande wa injini, na mara nyingi kiwandani huifunika kwa kizibo kidogo cha chuma. Kizibo hicho hutolewa kwa kukitoboa tundu dogo katikati, kwa keekee iliyofungwa utepe wa kuzuia isizame zaidi ya milimita mbili tatu, kisha unakazia skrubu ya kujikatia na kuvuta. Keekee ikizama sana utaharibu kichwa cha skrubu kilicho nyuma yake, na hapo utalia. Kabla ya kuitoa, ikaze taratibu ukihesabu mizunguko mpaka iguse chini, iguse tu, usiikaze kwa nguvu, kisha iandike namba hiyo. Ukiitoa, zitafuatana springi, washa ndogo (kipete bapa cha chuma) na oringi (pete ya mpira). Oringi hupenda kubaki ndani ya tundu, nayo ikibaki ukaja kuweka nyingine juu yake, utahangaika siku nzima.

Kumbuka kanuni moja. Skrubu iliyo upande wa injini hutawala mafuta: kuifungua ni kuongeza mafuta. Iliyo upande wa chujio hutawala hewa: kuifungua ni kukausha mchanganyiko, yaani mafuta yanapungua kulinganisha na hewa. Nimeona mafundi wazoefu wakizigeuza kinyume nusu siku nzima.

Endesha kama dakika 10 injini ipate joto lake, kisha simama. Kama ni ya kupozwa na upepo usiiache inguruma imesimama kwa muda mrefu. Fungua skrubu robo mzunguko kwa wakati, ukisubiri sekunde chache kila mara, mpaka sailensa ipande kadiri inavyoweza na mlio uwe laini. Ikipita hapo itaanza kushuka, rudi kidogo. Teremsha sailensa kwa skrubu yake kubwa, rudia mara moja zaidi. Kwa chombo kinachosita kama chako, ongeza sehemu ya nane ya mzunguko juu ya hapo. Namba uliyofikia ndiyo habari. Kama injini inafurahi kati ya mzunguko 1 na 3, jeti ndogo uliyonayo inafaa. Ikitaka zaidi ya 3, nunua jeti ndogo ya namba inayofuata juu. Ikitaka pungufu ya 1, ni kubwa mno. Kwa ulivyofungua boksi na ekzosi, dau langu ni kwamba utavuka 3.

Utathibitishaje kuwa ni ukavu na si mafuta kuzidi? Mchanganyiko mkavu una tabia zake: injini inakauka ghafla kama imezimwa swichi, ukiachia resi mlio unachelewa kushuka, ekzosi inapasuapasua kwenye mteremko, na asubuhi injini ikiwa baridi hali ni mbaya zaidi. Mafuta yakizidi mlio unakuwa mzito, injini inamisi na kukohoa, moshi mweusi unatoka, na joto likipanda ndipo inapozidi kuharibika. Ukibaki na shaka, vuta choki nusu ukiwa unaendesha kwa resi ndogo kisha bonyeza. Ikikubali vizuri zaidi, ilikuwa na njaa.

Ukimaliza chini, panda kwenye sindano, ile iliyoshikwa na slaidi. Kuanzia takriban robo ya resi hadi robo tatu, petroli inapita kwenye pengo kati ya sindano na bomba lake. Zipo sindano zenye mikato mitano hivi ya klipu; ukishusha klipu mkato mmoja, sindano inapanda karibu milimita 1. Nyingi za kiwandani hazina mikato, na hapa ndipo ufundi wa nyumbani unapofaa kweli. Washa ya skrubu ya milimita 3 ina unene wa nusu milimita. Weka moja chini ya kichwa cha sindano, jaribu, kisha ya pili ikibidi. Ikikulazimu uweke ya tatu, simama, kuna kitu kingine hakiko sawa. Angalia sana washa isizibe lile tundu la mvuto chini ya slaidi, maana washa hiyo ina upana wa milimita 7 na ndani ya slaidi nafasi ni ndogo. Ikilifunika, slaidi haitapanda kabisa, nawe utaapa kwamba washa "zimeharibu injini". Ipunguze kwa tupa pembeni, isugue iwe laini, ioshe.

Bandika utepe kwenye nyumba ya wenzo wa resi ukiwa na alama za robo, nusu na robo tatu, ujue unajaribu sehemu gani. Ila kwa kabureta ya kiwambo alama hizo hukueleza kipepeo kilipo, si slaidi ilipo. Ukiwa na mwendo mdogo wa injini na resi nusu, slaidi inaweza kuwa bado iko chini. Jaribu sindano injini ikiwa imeshapata kasi.

Jeti kubwa sasa. Hii hutawala kuanzia robo tatu hadi resi nzima, na wala haihusiki na kusita kwako kwa mwanzo. Inahusika na usalama wa pistoni yako, kwa kuwa umefungua hewa. Kwenye eneo wazi, resi nzima, punguza kidole kidogo tu. Injini ikiongeza kasi badala ya kupungua, jeti ni ndogo. Ikigugumia kwenye resi nzima na kulainika ukipunguza sana, ni kubwa. Nunua zinazofuata kwa namba na ubadilishe moja moja.

Usizitoboe. Ujana wangu nilitoboa moja kwa keekee ya mkono, nikiona nimeokoa fedha. Kwenye resi nzima ilikwenda, plagi zikaanza kuoga masizi, na nilipotaka kurudi nyuma sikujua narudi wapi, kwa sababu namba iliyoandikwa juu yake haikuwa kweli tena. Nikanunua tatu kufidia moja. Hesabu yenyewe inatisha: kwa aina ya jeti zinazoitwa kwa kipenyo, namba 120 ni tundu la milimita 1.20. Ukilikosea kwa milimita 0.05, unene wa karatasi nyembamba, eneo limeongezeka kwa asilimia 8.5, yaani umeruka namba mbili kwa mkupuo. Na keekee haiachi mdomo uliochongwa vizuri kama wa kiwandani; tundu la ukubwa uleule lenye mdomo mbaya hupitisha mafuta tofauti. Usichanganye pia jeti za watengenezaji tofauti kwa kufuata namba, maana wengine hupima kipenyo na wengine hupima mtiririko.

Umefika hapa, injini haisiti tena, lakini bado unaitaka iwe kali zaidi? Sasa zungumza na slaidi. Masharti yangu ni kwamba uwe na slaidi ya akiba au uwe tayari kuinunua, kwa kuwa tundu halirudi, na ufanye kwa keekee ya kuzungushwa kwa vidole, si drili ya umeme. Pima tundu kwa kuingiza mashina ya keekee mpaka upate linaloenea. Tuseme ni milimita 2.5. Kupanda hadi 2.8 kunaongeza eneo kwa robo nzima, kwa hiyo hatua moja ndogo kama hiyo ni kubwa tayari. Toa sindano, toboa kutoka chini ukiwa wima, ondoa makali, osha mpaka usione chembe ya chuma. Rudisha kiwambo ukingo wake ukae ndani ya mfereji pande zote, kisha jaribu. Ukitanua kupita kiasi utaona mwendo unapepesuka kwenye kasi moja bila wewe kugusa resi, ni slaidi inayopanda na kushuka yenyewe. Na kusita kukirudi, umeshaipita petroli tena.

Springi nilisema uiache. Ukikata mzunguko, mgandamizo wake wa mwanzo unapungua, lakini springi fupi ni ngumu zaidi kwa kila milimita inayobanwa. Slaidi inaondoka mapema kisha inakutana na ukuta, na ncha iliyokatwa hukaa upande na kuisugua slaidi ubavuni. Kama ni lazima, tafuta springi laini iliyotengenezwa hivyo.

Msomaji mwingine mwenye kabureta ya pampu ya resi (inayonyunyiza petroli ya ziada ukibonyeza), kwa mfano ATV za Yamaha YFZ450 za mwanzo zilizokuja na kabureta ya Keihin FCR, hana slaidi ya mvuto ya kumsubiri mwenzake. Huko dawa ni pampu: mnyunyizo uanze mara tu kidole kinapogusa, usipige slaidi, na uishe haraka. Wengi hufunga oringi kuzunguka viungo vya mkono wa pampu ili visipishane, na kwa kabureta ile ni ujanja mzuri usio na gharama. Kwako hauna pa kufungwa.

Na mfuniko wa boksi? Ukiwa umeshaweka jeti za kutosha unaweza kuutoa tena. Mimi ningeuacha ufunge, nikaondoa tu bomba fupi la kuingizia hewa, kwa sababu ATV hulala kwenye vumbi na kuvuka maji, na chujio lililo wazi juu hupokea vyote viwili. Vumbi likishalamba silinda, hakuna jeti ya kulirudisha nyuma.

Kabla ya kuondoka, injini ikiwa imezimwa, bonyeza wenzo na uuachie mara kumi. Kila mara urudi wenyewe kwa mlio mkavu, usukani ukiwa katikati, kushoto na kulia. Kisha washa, hakikisha swichi ya kuzimia inazima kweli, vaa helmeti, na safari ya kwanza iwe mahali pasipo na watu. Ukiniandikia tena, nitumie namba ya mizunguko ya skrubu, idadi ya washa na namba za jeti zote mbili.